Kufundisha Kiingereza Poland Huku Ukitengeneza Muziki wa Majaribio: Mwongozo Kamili

Swali la kwanza ambalo watu huniuliza kuhusu Poland ni viza. Nitalijibu kwa kirefu hapa chini. Lakini kwa anayetaka kuishi kwa ualimu na kutengeneza muziki kwa moyo wote, kuna swali linalotangulia: saa zako zitakuwa za nani? Nimeona walimu wenye vipaji vya kweli wakimaliza mwaka mzima bila kutoa hata kipande kimoja. Vifaa walikuwa navyo na baridi waliizoea. Kilichowamaliza ni ratiba waliyosaini, iliyokula saa zile zile ambazo muziki wao ulizihitaji. Mwongozo huu nimeupanga kuanzia hapo.

Nikisema muziki wa majaribio, namaanisha muziki unaoanzia kwenye sauti yenyewe: mlio wa bomba la maji, mkanda uliokatwa na kuungwa upya, redio iliyo katikati ya stesheni mbili, sintesaiza, ala iliyopigwa kwa namna ambayo aliyeichonga hakuifikiria. Kwa muziki huo Poland ina mizizi mirefu. Mwaka 1957 Redio ya Poland ilianzisha jijini Warsaw Studio Eksperymentalne, chini ya Józef Patkowski, wakati ambapo studio za aina hiyo Ulaya zilihesabika kwa vidole. Msanifu majengo Oskar Hansen aliichorea chumba kilichokuja kujulikana kama Chumba Cheusi, chenye paneli za ukutani zinazogeuzwa: upande mmoja unanyonya sauti, mwingine unairudisha. Mtunzi Krzysztof Penderecki alifanya kazi humo. Eugeniusz Rudnik aliingia akiwa fundi, akawa mtunzi anayeheshimika hadi leo. Tamasha la muziki wa kisasa la Warszawska Jesień lilikuwa limekwisha kuanza mwaka 1956, na bado hufanyika kila Septemba. Tamasha la Unsound la Kraków lilianza 2003, nalo hufanyika Oktoba.

Kwa hiyo utafika mahali ambapo ukipiga mvumo mmoja kwa dakika 20 hakuna atakayeuliza wimbo unaanza lini. Hadhira hiyo imelelewa kwa miongo kadhaa, na inasikiliza kwa makini kweli kweli.

Hatua ya 1: Chagua saa kabla ya kuchagua mji

Kazi za kufundisha Kiingereza Poland zina saa za aina mbili, na tofauti yake ndiyo itakayoamua muziki wako.

Shule binafsi za lugha hufundisha watoto waliotoka shuleni na watu wazima waliotoka kazini. Vipindi vyake huanza kama saa tisa alasiri na kuendelea hadi saa mbili au saa tatu usiku, Jumatatu hadi Alhamisi au Ijumaa, na pengine Jumamosi asubuhi. Asubuhi yako yote ni huru. Ukiwa mtu wa kutunga, kukata sauti na kurekodi, hii ni ratiba nzuri sana: unaamka, unafanya kazi kwa muda wa saa nne ukiwa na masikio mapya, kisha unakwenda darasani. Ila usahau shoo za katikati ya wiki. Nyingi huanza saa mbili usiku, nawe uko ubaoni ukieleza wakati uliopita.

Chekechea na shule za msingi hufanya kazi asubuhi hadi mchana. Hapo jioni inabaki yako, unaweza kupiga na wenzako, kuhudhuria shoo, kujaribu vyombo kabla ya onyesho. Gharama yake ni sauti na nguvu: baada ya kuimba na watoto wa miaka minne tangu asubuhi, masikio yanahitaji saa moja ya ukimya kabla ya kusikiliza kitu chochote kwa dhati.

Basi kanuni yangu ni hii. Anayetumbuiza atafute kazi ya asubuhi, anayetunga atafute kazi ya jioni. Atakayejaribu kuchukua zote mbili, chekechea asubuhi na shule ya lugha jioni, atapata pesa nzuri na hatapata muziki.

Kuna pia madarasa ya kampuni, ambapo unamfuata mwanafunzi ofisini kwake saa moja na nusu asubuhi au wakati wa chakula cha mchana. Yanalipa vizuri kwa saa, lakini yanapasua siku vipande vipande, na safari za kwenda na kurudi kwa kawaida hazilipwi. Kwa mtunzi ndiyo mabaya kuliko yote.

Hatua ya 2: Mji

Warsaw ina kazi nyingi na shoo nyingi, pamoja na kodi za nyumba zinazouma. Klabu ya Pardon, To Tu imekuwa nyumbani kwa jazi huru na muziki usio na jina kwa miaka. Kraków ina Unsound, ina baa ya Alchemia katika mtaa wa Kazimierz, na chuo chake cha muziki kina studio ya muziki wa kielektroniki tangu 1973. Tatizo la Kraków ni kwamba kila mwalimu wa kigeni anaitaka, kwa hiyo shule hazina haraka ya kupandisha malipo.

Mimi ningemshauri anayeanza aitazame miji ambayo watu huipita kwa treni. Bydgoszcz ina klabu ya Mózg, iliyofunguliwa 1994 na kulea kizazi kizima cha wapigaji huru. Poznań ina klabu ya Dragon, na treni ya kwenda Berlin huchukua chini ya saa tatu au karibu na hapo. Katowice iko kama saa moja kutoka Kraków, nyumba ni nafuu zaidi, na kuna sauti za reli na viwanda zinazotosha kurekodi maisha yote. Łódź, mji wa viwanda vya nguo, una majengo ya matofali ambayo mwangwi wake peke yake ni ala. Katika miji hii shule hutafuta walimu kwa bidii zaidi, na jamii ya wanamuziki ni ndogo kiasi kwamba ukihudhuria shoo chache tu watu wanakujua kwa jina.

Hatua ya 3: Vyeti, na ukweli kuhusu pasipoti

Matangazo mengi ya kazi yanataka mtu aliyezaliwa katika Kiingereza, na wengi wanaoyaandika huwaza Uingereza, Ireland na Marekani. Mtu wa Nairobi, Kampala au Arusha aliyesoma kwa Kiingereza tangu utotoni atakutana na ukuta huo. Ni jambo la kuudhi, na halina msingi wa kielimu. Kinachoubomoa mara nyingi ni vitu vitatu: shahada, cheti cha ualimu wa lugha kinachotambulika kama CELTA (saa 120 za mafunzo, ndani yake saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi ukiangaliwa), na somo la mfano ulilolirekodi mwenyewe, dakika kumi, lenye sauti safi. Hapa mwanamuziki ana nafasi. Wakuu wa shule hupokea video nyingi ambazo mwalimu hasikiki. Yako isikike kila neno.

Halafu taja jambo ambalo Mswahili analo na Mwingereza hana. Kipolandi hakina vibainishi vya "a" na "the", na Kiswahili vile vile. Wewe ulijifunza matumizi yake kwa jasho, kwa hiyo unajua ni wapi mwanafunzi atakwama na kwa nini. Sema hivyo kwenye usaili, tena kwa mfano.

Tayarisha mapema hati ya tabia njema ya polisi. Tangu Februari 2024 sheria ya Poland ya kulinda watoto inamtaka kila anayefanya kazi na watoto aonyeshe rekodi yake ya uhalifu kutoka nchi ya uraia wake, pamoja na kutaja nchi nyingine alizoishi katika miaka 20 iliyopita na kuleta rekodi za huko. Kama uliishi Muscat au Doha, anza na hiyo, kwa sababu kuipata ukiwa mbali ni kazi. Hati zote zitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa, anayeitwa tłumacz przysięgły. Tafsiri ya rafiki haikubaliki. Shahada ikihitaji kutambuliwa rasmi, chombo kinachohusika ni NAWA, wakala wa taifa wa mabadilishano ya kitaaluma.

Hatua ya 4: Kibali na viza

Msimu wa kuajiri ni Agosti na Septemba, maana mwaka wa shule huanza Septemba 1. Kuna wimbi dogo Januari na Februari. Kwa raia wa Afrika Mashariki makaratasi huchukua miezi, hivyo maombi ya kazi ya Septemba yatumwe Februari au Machi.

Utaratibu wa kawaida uko hivi. Mwajiri ndiye anayeomba kibali cha kazi, kwa njia ya mtandao kupitia praca.gov.pl. Kibali kikitoka, wewe unaomba viza ya kitaifa ya aina D, ukipanga miadi kupitia mfumo wa e-Konsulat. Poland ina ubalozi Nairobi na mwingine Dar es Salaam. Angalia kwenye mfumo huo ni upi unaopokea maombi ya viza ya nchi unayoishi. Utahitaji bima ya afya ya safari yenye kiwango kisichopungua euro 30,000, ushahidi wa makazi na pesa za kuanzia. Tangu kashfa ya viza ya 2023 iliyoitikisa serikali ya huko, maofisa wa konseli huuliza maswali zaidi. Jibu kwa kifupi na kwa ukweli: unakwenda kufundisha, katika shule hii, kwa mkataba huu. Muziki ukiulizwa, useme ulivyo.

Sheria ya Poland imekuwa na orodha ya kazi zisizohitaji kibali, na humo wamekuwamo walimu wa lugha za kigeni katika chekechea na shule zilizo ndani ya mfumo rasmi wa elimu, pia wasanii wanaotumbuiza kwa siku zisizozidi 30 katika mwaka. Kozi za shule binafsi ya lugha ni habari nyingine. Kanuni hizi ziliandikwa upya Juni 2025, kwa hiyo shule ikikuambia huhitaji kibali, ikuonyeshe kifungu kinachotumika leo kabla hujasaini chochote.

Jihadhari na madalali wanaouza "kibali cha Poland". Kila kampuni ya huko imeandikishwa katika daftari la wazi: KRS kwa makampuni, CEIDG kwa wafanyabiashara binafsi. Kuangalia ni bure. Andika jina la shule, uone lini ilianzishwa, iko wapi na inafanya biashara gani. Shule ya lugha iliyoandikishwa kuwa ya ujenzi miezi miwili iliyopita, achana nayo.

Ukishafika, andikisha anwani yako katika manispaa ndani ya siku za mwanzo, uombe PESEL, namba ya utambulisho ya huko. Bila hiyo benki, zahanati na kodi vyote vinasuasua. Kisha weka tarehe ya mwisho ya viza mahali unapoiona kila siku. Maombi ya kibali cha ukaazi, karta pobytu, lazima yaingie kabla ya siku hiyo. Yakiwa yamepokelewa kwa wakati, unakaa Poland kihalali hata majibu yakichelewa miezi mingi.

Hapa kuna mtego unaowanasa wanamuziki hasa. Ukaaji huo wa kusubiri ni wa Poland peke yake. Viza ikishakwisha na kadi haijatoka, huruhusiwi kuvuka kwenda kupiga Berlin au Praha, hata kama basi halina ukaguzi. Usipange ziara ya nje katika kipindi hicho, na mwambie mwandaaji mapema.

Hatua ya 5: Mkataba

Utakutana na aina mbili kuu. Umowa o pracę ni ajira kamili: likizo ya kulipwa, likizo ya ugonjwa, ulinzi wa kufukuzwa. Umowa zlecenie ni mkataba wa huduma, unalipwa kwa saa ulizofundisha, na sheria haikupi likizo ya kulipwa. Shule za lugha hupenda huu wa pili. Michango ya ZUS, mfuko wa hifadhi ya jamii, ikikatwa humo, unapata pia bima ya afya ya umma. Mshahara wa chini kwa mwaka 2026 ni zloti 4,806 kwa mwezi kabla ya makato, na zloti 31.40 kwa saa. Mwalimu mwenye cheti asikubali kukaa karibu na kiwango hicho. Una haki ya kupewa mkataba kwa maandishi, na kwa lugha unayoielewa.

Usome ukitafuta mambo haya: kipindi kikifutwa na mwanafunzi chini ya saa 24 kabla, nani anabeba hasara? Sikukuu zinalipwaje? (Novemba peke yake ina mbili, tarehe 1 na 11.) Likizo ya baridi ya wiki mbili, na Julai na Agosti? Kwa mkataba wa saa, majira ya joto ni miezi miwili ya mfuko mtupu, isipokuwa upate kambi ya lugha ya watoto. Na mwisho, tazama kama kuna kifungu kinachokukataza kazi nyingine bila kutaja aina yake. Omba waongeze kwamba shughuli za kisanii hazihusiki. Sijaona shule iliyokataa ombi hilo likiletwa kwa upole kabla ya kusaini.

Kibali chako kimefungwa kwa mwajiri na kazi iliyotajwa humo. Wanafunzi wa pembeni wanaolipa taslimu watakujia, maana wazazi wanahangaika kabla ya mtihani wa darasa la nane na matura, mtihani wa kumaliza sekondari, mwezi Mei. Mgeni mwenye viza ya kazi kwa kawaida hawezi kufungua biashara binafsi huko, kwa hiyo masomo hayo yanaweza kukuharibia ukaazi. Waelekeze shuleni kwako.

Hatua ya 6: Chumba cha kulala ambacho pia ni studio

Katika tangazo la nyumba bei kubwa unayoiona mara nyingi si yote. Kuna czynsz administracyjny, ada ya jengo, halafu umeme na gesi, halafu amana ya mwezi mmoja au zaidi. Uliza jumla.

Majengo mengi ya miaka ya 1970 ni ya paneli za zege. Katika majengo hayo besi hupita ghorofa tatu kama hakuna ukuta. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni muda wa utulivu, na anayeuvunja anaweza kutozwa faini kwa kifungu cha 51 cha sheria ya makosa madogo. Majirani huita polisi kweli. Kwa hiyo spika ni za mchana, usiku ni hedifoni. Ukitaka kelele kubwa, nenda dom kultury ya mtaa wako, yaani nyumba ya utamaduni inayoendeshwa na manispaa. Nyingi zina chumba cha mazoezi cha bei ndogo, na wafanyakazi wake ndio wanaomjua kila mtu mjini.

Chagua chumba kwa masikio. Simama kimya dakika mbili dirisha likiwa limefungwa. Tramu inapita wapi? Friji inavuma? Mwenye nyumba atashangaa kidogo, hakuna neno.

Hatua ya 7: Vifaa

Beba vichache: kompyuta, kadi ya sauti ya nje ya njia mbili, kinasa sauti cha mkononi, hedifoni zilizofungwa, na diski ndogo kadhaa za pieso, zinazogeuza mtetemo kuwa umeme, za kutengenezea maiki za kugusisha, yaani zinazobandikwa juu ya kitu ili zinase mtetemo wake. Diski hizo huuzwa kwa bei ya soda moja, na mtu yeyote anayeweza kuchomelea waya kwa risasi anazigeuza kuwa maiki ndani ya robo saa. Umeme ni volti 230 kama nyumbani, lakini soketi ni za matundu mawili ya duara na pini ya ardhi, hivyo plagi za pini tatu bapa zinahitaji adapta. Tumia yenye ardhi, vinginevyo mvumo wa hezi 50 utakaa ndani ya kila rekodi.

Vingine utavipata huko huko. Enzi ya ujamaa viwanda vya Poland vilitengeneza redio, deki za kaseti na mashine za mikanda chini ya jina la Unitra, na bado ziko nyingi: tovuti za OLX na Allegro, soko la Jumapili la Hala Targowa Kraków, Bazar na Kole Warsaw. Usinunue kwa sura. Omba umeme, weka kaseti yako mwenyewe, bonyeza kila kitufe, sikiliza kama kasi inayumba. Kasi inayumba? Kwa muziki wetu hilo si lazima liwe kasoro, ila lipunguze bei.

Baridi ina kanuni zake. Betri hufa haraka chini ya sifuri, kwa hiyo weka za akiba mfuko wa ndani karibu na mwili. Ukirudi ndani, usitoe maiki kwenye begi mpaka ipate joto la chumba, maana unyevu utatanda juu ya kiwambo chake. Na ziwa lililoganda hutoa milio ya ajabu, kama waya mrefu uliopigwa kwa mbali. Irekodi ukiwa gatini, usikanyage barafu.

Mgeni mwenye maiki na begi jeusi aepuke maeneo ya jeshi, bandari na mitambo ya umeme yenye vibao vya katazo, na pia ukanda wa mpaka wa Belarusi upande wa Białowieża, ambako mwaka 2024 liliwekwa eneo la kuingia kwa ruhusa tu. Msitu wa nyati unavutia, lakini kibali cha ukaazi ni cha thamani kuliko rekodi.

Hatua ya 8: Zoezi la wiki za kwanza

Wengi hufika na mradi mkubwa kichwani, kisha kazi mpya inawameza. Mimi nashauri uanze na zoezi alilotuachia mtunzi Włodzimierz Kotoński. Mwaka 1959, katika studio ile ya Warsaw, alitunga kipande kizima kutokana na pigo moja la tuazi (simbali). Pigo moja tu, likachujwa, likapandishwa na kushushwa kimo, likakatwa na kupangwa upya kwenye mkanda. Kipande hicho hakifiki dakika tatu.

Wewe una kipasha joto cha ukutani. Kuanzia Oktoba, jengo linapowashwa joto, maji yanaanza kutembea ndani ya mabomba na chuma kinalia. Bandika maiki ya kugusisha kwa gundi ya karatasi karibu na valvu. Subiri usiku. Gonga mara moja kwa upande wa kijiko cha mbao, acha mlio ufe wenyewe hadi usisikie kitu, kisha hesabu sekunde kumi zaidi kabla ya kuzima.

Ingiza rekodi kwenye programu ya Audacity, ambayo ni bure, au Reaper. Tengeneza nakala tano. Kwenye kila nakala acha kipande kimoja tu cha masafa: besi peke yake, juu yake kidogo, katikati, na kuendelea hadi ule mnong'ono wa juu kabisa. Utashangaa kwamba mwanzo wa pigo na mkia wake ni viumbe viwili. Mwanzo una kila kitu kwa pamoja. Mkia unabaki na sauti mbili tatu ambazo hukujua zilikuwamo. Kata mwanzo wote, ubaki na mikia. Shusha mmoja oktavu mbili. Geuza mwingine utembee kinyumenyume. Panga upya ndani ya dakika tatu, bila kuongeza sauti nyingine yoyote. Kazi hii inaingia katika asubuhi za wiki moja, na mwisho wake una kipande kilichokamilika cha kumwonyesha mtu.

Hatua ya 9: Darasani

Masikio yako ni mtaji hata ubaoni. Wapolandi huzima sauti za mwisho wa neno: "bag" inatoka kama "back", "dog" kama "dock". Mwanamuziki analisikia hilo mara moja. Wawekee wanafunzi maneno mawili mawili, waambie waguse koo wasikie mtetemo, wafumbe macho na kuchagua. Watu wazima wanalipenda zoezi hili kuliko sarufi ya kitabuni.

Usirekodi sauti za wanafunzi kwa ajili ya muziki wako. Sauti ya mtu ni taarifa yake binafsi, na kwa watoto unahitaji idhini ya maandishi ya wazazi na shule. Vicheko vya ukumbini vitakushawishi; viache.

Wazazi na mkurugenzi waite Pan kwa mwanamume na Pani kwa mwanamke, kama vile usivyomwita mzazi wa mwanafunzi kwa jina lake tupu kwetu. Ukiingia kwenye lifti au chumba cha kusubiri, sema "dzień dobry". Anayekaa kimya huonekana ana kiburi. Mengine ya heshima utayaokota mwenyewe, Mswahili hafundishwi salamu.

Hatua ya 10: Kuingia katika jamii, na kulipwa

Nenda kwenye shoo ndogo kabla ya tamasha kubwa. Kaa mbele, baki baada ya onyesho, saidia kukunja kebo, nunua kaseti. Soma Glissando, jarida la muziki mpya. Sikiliza matoleo ya lebo ya Bôłt, iliyotoa upya rekodi nyingi za ile studio ya redio. Agosti, kijiji cha Sokołowsko kusini magharibi hupokea tamasha la Sanatorium Dźwięku, ambapo watunzi na wasikilizaji hukaa pamoja siku kadhaa. Mazungumzo ya huko yana thamani kuliko barua pepe mia.

Usijifiche unakotoka, wala usikubali kufanywa pambo. Watu hawa wanaijua singeli ya Dar kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na wanamjua mwanamuziki KMRU wa Nairobi, ambaye albamu yake Peel ya 2020 imejengwa kwa sauti zilizorekodiwa na mivumo mirefu. Mwandaaji akitaka ngoma kwa sababu tu unatoka Afrika, mpe kile unachotengeneza. Upo pia uhusiano wa zamani ambao wengi wao wanauthamini: wakati wa Vita Kuu ya Pili maelfu ya wakimbizi wa Kipolandi waliishi Tengeru karibu na Arusha, na makaburi yao yapo hadi leo. Chuo Kikuu cha Warsaw hufundisha Kiswahili, na Rajmund Ohly, msomi wa huko, alifanya kazi ya kamusi Dar es Salaam. Ukipata nafasi ya kuzungumza na wanafunzi hao, nenda. Baadhi yao watakuwa hadhira yako ya kwanza.

Unapoomba nafasi ya kupiga, tuma ujumbe mfupi: wewe ni nani, unapiga nini kwa dakika ngapi, kiungo kimoja cha rekodi isiyozidi dakika sita, na mahitaji ya jukwaani. "Meza moja, njia mbili za stereo, soketi tatu" inatosha. Anayejua mahitaji yake huitwa tena.

Malipo ya shoo kwa kawaida huja kwa umowa o dzieło, mkataba wa kazi ya ubunifu. Hakikisha kwanza kwamba hadhi yako ya ukaazi inaruhusu, kwa kile kipengele cha siku 30 au kwa kibali chenyewe. Kwa mkaazi wa kodi, kazi ya mtunzi inaruhusiwa kuhesabu nusu ya mapato kuwa gharama. Hesabu yake: zloti 500, gharama 250, kodi ya asilimia 12 kwenye 250 zilizobaki ni zloti 30, unapokea 470. Mwandaaji akisahau kuandika kwamba unahamisha haki za kazi yako, nafuu hiyo hupotea, kwa hiyo mkumbushe kabla ya kusaini. Kwa vipande vyako mwenyewe, chama cha watunzi ZAiKS, kilichoanzishwa 1918, hukusanya mirabaha.

Mwishoni mwa Februari kila aliyekulipa atakutumia PIT-11, taarifa ya mapato yako na kodi iliyokatwa. Zikusanye zote, ya shule na za shoo, ufungue Twój e-PIT, fomu ya kodi iliyokwisha kujazwa, kwenye tovuti ya kodi, ukague kama zile gharama za asilimia 50 zimeingia, kisha uthibitishe kabla ya Aprili 30. Mapato ya hadi zloti 30,000 kwa mwaka hayatozwi kodi hiyo, kwa hiyo aliyeanza kazi Septemba mara nyingi hurudishiwa kodi yote ya mapato iliyokatwa mwaka ule. Pesa hizo huingia benki majira ya kuchipua, miezi michache kabla ya Julai na Agosti zisizo na vipindi. Zitengee kodi ya nyumba ya miezi hiyo miwili.